Msikubali hata kula naye

(Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana, Dodoma)

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Walioniita walitaka nizungumze juu ya dini na malezi. Nikawaomba waniruhusu nizungumze juu ya chakula. Walishangaa kidogo, kisha wakakubali, nami nawashukuru. Sijawahi kuyasema haya mbele ya watu wengi kiasi hiki, kwa hiyo nikinyamaza katikati msidhani nimesahau. Nivumilieni.

Nina ombi kabla sijaanza. Baba yangu yuko hai, mama yangu yuko hai, na wote wawili wamo bado katika kundi nililokulia. Sitalitaja jina, na anayelijua naomba asilitaje pia. Sitaki mtu atoke humu ukumbini, akutane na mama yangu pale soko la Majengo ameketi na karanga zake, amnyooshee kidole.

Tangu 2023, kila ninapomwambia mtu kwamba nilikulia katika dhehebu lililojitenga, ananiuliza kuhusu Shakahola. Mnaikumbuka. Msitu ule wa Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Wazee wanakumbuka pia Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya waumini walivyoteketea ndani ya kanisa lao. Kwetu hakufa mtu. Hakuna polisi aliyekuja wala mwandishi wa habari. Kwa jirani aliyetutazama kutoka barabarani, tulikuwa familia safi kuliko zote kijijini: watoto wenye adabu, nyumba isiyo na kelele, baba asiyekunywa.

Hilo la baba nianze nalo, kwa sababu nikiliruka nitakuwa nimesema uongo. Nilizaliwa 1989 katika kijiji kimoja cha upande ambao sasa ni wilaya ya Chamwino. Baba yangu alikuwa mlevi wa pombe ya mtama, na akilewa alikuwa na mkono mzito. Mama alikuwa na mahali pake pa kulala kwa jirani usiku wa namna hiyo, nami mgongoni. Mwaka 1993 wakaja wanaume wawili na baiskeli, wakaketi na baba chini ya mkwaju siku tatu mfululizo, wakamsomea Biblia kwa upole. Siku ya nne baba aliamka akamwaga pombe yote. Hajaionja tena hadi leo, wala hajamwinulia mama mkono. Mkinisikia nalaumu, likumbukeni hilo, maana mimi silisahau.

Injili haikuwa ngeni kwetu. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na bibi yangu mzaa baba alibatizwa utotoni katika kanisa lililotokana na kazi yao. Alizijua nyimbo za Uamsho, ule ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukatapakaa Afrika Mashariki yote. Aliziimba akipura uwele. Ila wale ndugu wa baiskeli walimfundisha baba kwamba kanisa la bibi ni Babeli, na makanisa mengine yote ni Babeli, na kwamba wateule hukaa mbali na Babeli wasije wakapata mapigo yake. Sisi tulikuwa Waliotengwa, yaani waliowekwa kando na ulimwengu. Wengine wote, akiwemo bibi, walikuwa wa nje.

Aya zilikuwepo. Sitaki mfikiri zilibuniwa. Wakorintho wa Pili sura ya 6: "Tokeni kati yao, mkatengwe nao." Waraka wa Pili wa Yohana: "msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu." Na ile iliyoandikwa kwa wino mwekundu ukutani kwetu, Wakorintho wa Kwanza 5:11: "mtu wa namna hii msikubali hata kula naye." Ukiisoma aya hiyo yote utaona Paulo anamsema mtu aitwaye ndugu huku akiwa mnyang'anyi au mlevi. Sisi tulimwekea bibi.

Bibi alikaa kwenye tembe yake, hatua mia mbili kutoka kwetu. Shangazi amenisimulia jioni ile, mimi mwenyewe nakumbuka sauti ya chungu tu. Bibi alikuja kama siku zote, chungu cha mlenda kichwani, ugali wa uwele mkononi umefunikwa kwa kawa. Baba akamzuia mlangoni. Akamwambia, "Mama, kuanzia leo hatutakula pamoja. Si kwa chuki." Bibi akauliza, "Chakula changu kina nini?" Baba akasema hakina kitu. Bibi akakitua chungu chini, akakaa juu ya jiwe nje ya mlango, akala peke yake kidogo, akaondoka na kilichobaki. Tulibaki na njaa usiku huo, kwa sababu mama alikuwa hajapika. Alikuwa anategemea chungu cha bibi.

Wagogo wenzangu mnaelewa ninachosema. Wengine mliohamia na serikali, karibuni sana, nitawaeleza. Hii ni nchi ya mvua moja. Ikikosa Januari, mwaka umekwisha. Wazee wetu waliipa jina Mtunya ile njaa kubwa ya miaka ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani kisha Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu ukame ukamalizia. Mama yake bibi aliipitia akiwa msichana. Alimwambia binti yake kwamba walionusurika ni wale waliokuwa na kwa kwenda. Katika nchi kama hii, kumwambia mtu "sili kwako wala wewe huli kwangu" ni kumwambia kwamba hata njaa ikija, mimi na wewe hatujuani.

Na misiba, je? Baba mdogo alipofariki, baba yangu hakuchimba kaburi la mdogo wake wa damu. Tulisimama mbali, chini ya mti, sisi saba na Biblia zetu, mpaka wakamaliza. Hatukunawa mikono pamoja na watu, hatukula pilau ya msiba. Nilikuwa darasa la tano. Watoto wa marehemu, ambao tulicheza nao chandimu kwa siri nyuma ya shule, walinitazama. Sijui kama kuna kitu kimewahi kunitia aibu kuliko macho yale.

Redio baba aliiuza mapema. Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London, nchi nzima ilijua siku hiyohiyo. Mimi nilijua kesho yake shuleni, nilipoona bendera nusu mlingoti na mwalimu wetu wa hesabu, mtu mkali sana, analia waziwazi. Nikakimbia nyumbani kupeleka habari. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa aya: "Waache wafu wazike wafu wao." Kisha nikatumwa maji. Nilitembea na ndoo nikijiuliza ni nani basi aliye hai, kama Mwalimu, na bibi, na mwalimu wa hesabu wote ni wafu.

Watu huniuliza, mbona hamkuondoka tu? Mlango ulikuwa wazi. Kweli, hapakuwa na kufuli. Lakini tazameni jinsi maisha yenyewe yalivyopangwa. Mikutano ilikuwa mitano kwa wiki, na Jumapili ilikuwa kutwa nzima. Rafiki wa nje utampata saa ngapi? Mwenzi wa ndoa alitoka ndani. Baba alipohitaji mbegu alikopeshwa na ndugu wa ndani, kaka yangu alipomaliza la saba aliajiriwa kwenye karakana ya mbao ya ndugu wa ndani, nyumba tuliyohamia ilijengwa kwa mikono ya ndugu wa ndani bila kulipwa hata senti. Ni upendo huo, jamani! Nimepigwa na malaria nikiwa na miaka tisa, akina mama wanane wakapokezana kukaa nami usiku. Ndiyo maana inakuwa vigumu kueleza. Kila wema uliotendewa unakuwa kamba. Unafika umri wa miaka ishirini, unasimama mlangoni, unatazama nje, na huko nje humjui mtu hata mmoja ambaye unaweza kula kwake usiku wa leo. Uliowajua uliwakataa wewe mwenyewe, mmoja mmoja, tangu utotoni.

Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nikaanza kusoma asili ya mafundisho yetu, kwa sababu tuliambiwa hayana asili, yametoka mbinguni moja kwa moja. Nikakuta watu wamegombania meza hii kabla yetu kwa miaka mingi. Mwaka 1693, huko Uswisi na Alsace, Jacob Ammann aliwafarakanisha Wakristo wenzake kwa sababu alitaka mtu aliyefukuzwa ushirika watu wasile naye hata nyumbani. Mwenzake Hans Reist alisema adhabu iishie kwenye Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe cha kanisani. Waliomfuata Ammann ndio Waamishi wa leo. Nikasoma pia habari za wale walioitwa Ndugu wa Plymouth. Hao walinisumbua zaidi. Walianza Dublin mwishoni mwa miaka ya 1820, na walianza kwa sababu walichoka kuona Wakristo wa madhehebu mbalimbali hawawezi kumega mkate pamoja. Walitaka meza moja! Kufikia 1848 walikwishagawanyika juu ya nani apokelewe kwenye meza hiyo, na John Nelson Darby, mmoja wa viongozi wao, akawa upande wa wale waliofunga mlango. Kizazi baada ya kizazi mlango ukazidi kubana, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 tawi lao kali zaidi likaagiza kwamba muumini asile na yeyote asiye wa ushirika wao, hata kama ni mume, mke au mzazi.

Nilikaa na kitabu kile mpaka mkutubi akaja kunizimia taa. Nilimwona bibi juu ya jiwe lake. Nikaelewa kwamba jiwe lile limekaliwa na bibi wengi, katika lugha nyingi.

Lakini historia haikunitoa. Kwetu tulifundishwa kwamba historia ni ya walimwengu. Kilichonitikisa kilikuwa ndani ya Biblia ileile, Wagalatia sura ya 2, ambayo niliijua kwa moyo bila kuisikia. Petro alikuwa Antiokia akila na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, naye akaanza kurudi nyuma na kujitenga. Na ni nani aliyesimama akampinga uso kwa uso? Paulo. Paulo yuleyule wa ukutani kwetu! Halafu Luka 15, Mafarisayo wananung'unika: "Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao." Miaka yote nilikuwa nimeisoma aya hiyo kama ushahidi kwamba Mafarisayo ni wabaya. Sikuwahi kujiuliza sisi tumeketi upande gani wa nung'uniko lile.

Nikampelekea swali mzee wetu mkuu. Nilimheshimu, bado namheshimu, alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Nikamuuliza, mzee, kwa nini ukuta wetu una Wakorintho na hauna Wagalatia? Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Binti yangu, anayechimba msingi akimtafuta panya huishia kubomoa nyumba." Akaniombea. Nikarudi kukaa kimya, na nilikaa kimya miaka mitatu. Vijana mtaona ni woga. Sawa, woga ulikuwepo. Ila nilikuwa pia nawapenda.

Mwaka 2014 nilikula kwa bibi. Ndilo kosa langu, hakuna lingine. Nilikuwa naanza kazi, nikapita kumsalimu, akaniwekea sahani akiwa na uhakika nitaikataa kama nilivyoikataa miaka ishirini. Nikanawa. Nikala. Bibi hakusema neno, aliniongezea mboga tu. Mtu aliona. Jumapili ya pili yake jina langu likasomwa mbele ya watu, nikaombwa kutubu, nikasema siwezi kutubia ugali wa bibi. Nikatengwa, yaani nikafukuzwa ushirika. Mama alikuwa safu ya tatu, ameinama, nikaona kitenge chake kinatikisika mabegani.

Nilihamia mjini, chumba kimoja Chang'ombe. Wiki ya kwanza nilikula mikate na maji ndani, mlango umefungwa, sababu nilikuwa sijui kula mbele za watu. Mwili ulikuwa umefundishwa. Siku moja mvua ilinikimbizia kwenye kibanda cha mama lishe. Aliniwekea wali maharage, akasogea kwenye benchi, akasema, "Kaa hapo kati, mwanangu, ule." Kulia kwangu fundi pikipiki, kushoto kijana Mwislamu anayeuza kanzu. Mkono ulinitetemeka hadi kijiko kikagonga sahani. Yule mama hakuniuliza mimi ni wa kanisa gani. Alidhani nina homa, akanichemshia chai ya tangawizi. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, nikarudi mwaka mzima. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu ilikuwa mgeni ndiye aliyepona.

Sasa niwaambie ninachokitaka kwenu, maana sikuja kulia hapa.

Wachungaji, baba zangu, mtu akitoka kundi kama letu msimkimbilie na fomu ya ushirika. Alikuja kijana kwangu mwaka juzi, wiki mbili tu tangu atengwe, na makanisa matatu yalikwishamwalika atoe ushuhuda madhabahuni. Ushuhuda wa nini? Alikuwa hajui atalala wapi Ijumaa. Mpeni kitanda, mpeni watu wa kula nao, mkimbilieni akifiwa. Imani yake aitafute kwa mwendo wake. Wapo watakaorudi kanisani kama mimi na wapo ambao hawatarudi, na wote watahitaji chakula cha jioni.

Walimu wenzangu, yule mtoto anayesimama kando wakati wa mchakamchaka, asiyekula uji wa shule na wenzake, msimcheke na msimlazimishe. Mkimlazimisha mtakuwa mmethibitisha yote aliyoambiwa kuhusu watu wa nje. Msalimieni kwa jina kila asubuhi. Mwalimu wangu wa hesabu alifanya hivyo miaka saba, na nilipotoka, namba ya kwanza niliyoipiga ilikuwa yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto pamoja na chakula, elimu na matibabu. Mzazi mwenye msimamo mkali anaweza kuelezwa hilo kwa heshima, akiketishwa na mwalimu mkuu, bila kudhalilishwa mbele ya mtoto wake.

Kuhusu serikali, nasema kidogo tu. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Inatosha, na inawalinda wazazi wangu kama inavyonilinda mimi. Wapo wanaotaka makundi kama letu yafungwe yote. Mimi sitaki. Mkiwafungia, wataona mapigo waliyotabiriwa yamefika, na jiwe la nje ya mlango litabaki palepale. Huko Uingereza mamlaka ya kusimamia mashirika ya hisani iliwasajili Ndugu wa Plymouth wa tawi lile kali Januari 2014, baada ya wao kukubali kuandika katika hati yao kwamba waliotoka watatendewa kwa huruma. Ni karatasi, najua. Lakini mtu aliyetengwa ana aya moja ya kushika mkononi. Viongozi wa makundi yetu madogo wanaweza kuandika hivyo bila kungoja kuambiwa.

Na kwa wazazi walio ndani, kama yupo hata mmoja humu ambaye amekuja kimya na kuketi nyuma. Sikuombi uache imani yako. Fuata ibada yako, vaa unavyovaa, usiniite ndugu kama dhamiri yako inakataa. Mtoto wako akija nyumbani, mle pamoja.

Bibi alifariki Agosti 2022, upepo ule wa vumbi ukivuma. Nilifika usiku. Asubuhi nikakuta wanawake wanapika uani, na miongoni mwao, kwenye moto wa mwisho kabisa, mama yangu anasonga ugali. Baba hakuja karibu, alisimama chini ya mti kama zamani. Ila mama alikuwa amekuja kumpikia mama mkwe wake. Hakuna aliyemsemesha habari za dini, namshukuru Mungu kwa wanawake wa kijiji chetu, walimpa mwiko tu.

Chakula kilipoiva nikapanga foleni na wengine. Nilipofika kwake hakuniangalia usoni. Tulikuwa hatujaongea miaka minane. Alichota ugali, akachota mlenda, akasita, akaongeza tena mlenda, kama alivyofanya bibi. Sahani ilikuwa nzito. Nilikwenda nikaketi pale nilipoweza kumwona, nikala yote, naye akawa anageuka mara kwa mara kutazama kama nimemaliza. Yeye mwenyewe hakula siku ile.

Mwezi uliopita amenipigia simu ya jirani kuniuliza kama karanga zimepanda bei mjini. Tuliongea dakika nne.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali aulize, nipo.